Miezi Tisa na Neno Moja

Peter Gilliver alikaa miezi tisa na neno moja. Katika muda huo mimba hutungwa, hukua na mtoto akazaliwa. Yeye, mhariri wa Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, aliumaliza wote kwa kusoma, kupanga na kupangua mifano ya run, kitenzi ambacho mwanafunzi wa Morogoro au Machakos hukijua mapema kwa mchoro wa kijana mwenye kaptula anayekimbia. Habari za kazi hiyo zilipotoka magazetini mwaka 2011, hesabu ilikuwa imefika maana 645. Na hizo ni za kitenzi tu. Run nomino ina mlango wake.

Wasioijua kazi ya kamusi hudhani jasho la watungaji huwatoka kwenye maneno makubwa. Sivyo. Jina la ugonjwa wa ini au la kifaa cha injini huwa na maana moja. Ukishampata bingwa wa fani, unaandika mistari miwili na kwenda kunywa chai. Jasho hutoka kwenye vitenzi vya herufi tatu nne ambavyo kila mtu anavijua na hakuna anayeweza kuvieleza. Muulize Mwingereza wa kawaida maana ya set, uone atakavyoanza kupapasa hewani kwa mikono.

Watunga kamusi wa mwanzo waliikwepa kazi hii kwa njia nyepesi: hawakuviandika kabisa. Robert Cawdrey, mwalimu wa shule aliyewahi kuwa kasisi, alitoa mwaka 1604 kitabu kinachohesabiwa kuwa kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza. Kilikuwa na maneno yapatayo 2,500, nayo ni yale magumu, hasa yaliyokopwa kutoka Kilatini, Kigiriki na Kifaransa, ili mabibi wa nyumba za heshima na watu wengine wasiokwenda shule wasikwame wakiyasikia kanisani au wakiyakuta vitabuni. Kukimbia, kuweka na kuchukua vilimhusu nini? Nani alihitaji kuelezwa hayo? Kamusi zilizofuata zilishika njia hiyo karibu karne nzima, mpaka ilipotoka moja ya mwaka 1702 ambayo mtungaji wake alijitaja kwa herufi J.K. tu, anayedhaniwa kuwa John Kersey. Huyo ndiye aliyeyafungulia mlango maneno ya kawaida, lakini kwa maelezo ya mkato mno, kama mtu anayemwonyesha mgeni nyumba bila kuwasha taa.

Taa iliwashwa na Samuel Johnson, na aliyekuwa wa kwanza kuogopa alichokiona ni yeye mwenyewe.

Johnson alikuwa mtoto wa muuza vitabu, aliyeacha masomo Oxford kwa kukosa karo. Mwaka 1746 wachapishaji wa London walimpa mkataba wa pauni 1,575, na humohumo alipe wasaidizi wake. Alipanga nyumba katika uwanja wa Gough, akaugeuza ukumbi wa darini kuwa karakana, akaajiri waandishi sita, watano kati yao Waskoti. Aliahidi miaka mitatu. Ilimchukua tisa, na kamusi ikatoka Aprili 1755.

Njia yake ndiyo iliyomponza, na ndiyo iliyomletea sifa. Hakukaa kitini akabuni maana kichwani. Alisoma vitabu vya waandishi aliowaheshimu, akapiga mstari chini ya neno alilolitaka, kisha wasaidizi wakaunakili mfano wote kwenye karatasi. Kwa neno adimu, karatasi zilikuwa mbili tatu. Kwa kitenzi kama take zilirundikana, na kila moja ilikuwa na take yake: kuchukua mzigo, kunywa dawa, kuteka mji, kuoa mke, kuudhika, kuondoka, kuiga. Johnson alizitenga maana 134 za kitenzi hicho kimoja. Katika utangulizi wake aliandika orodha ya vitenzi vya aina hiyo, na run, set, get, put, go na make vimo, akakiri kwamba maana zake zimetapakaa hivi kwamba mfuatiliaji hupotea njiani. Aliwaonya pia wageni wanaojifunza Kiingereza kwamba kitakachowatesa ni kitenzi kidogo kinapoungana na kijineno kama off, out, in au up na kuzaa maana ambayo haimo kwenye kimoja wala kingine. Walimu wa Kiingereza wa Afrika Mashariki wanaweza kutoa ushahidi.

Karne moja baadaye, Jumuiya ya Filolojia ya London ilianza mwaka 1857 kuzungumzia kamusi mpya, ambayo ingefuata kila neno tangu siku lilipoonekana kwa mara ya kwanza katika maandishi. Kazi hiyo ilizungushwa mikononi mwa watu kadhaa mpaka mwaka 1879 ilipomwangukia James Murray, mwalimu wa shule ya Mill Hill. Alijenga banda la mabati bustanini kwake na kulitia rafu za vishimo 1,029 vya kuwekea vikaratasi. Kisha akapokea tani mbili za vikaratasi vilivyokusanywa na waliomtangulia. Katika gunia moja alikuta panya aliyekufa, katika jingine panya mzima na wanawe. Vikaratasi vya herufi H vilikuwa Florence, Italia. Vya maneno yanayoanza na Pa vilionekana katika zizi la farasi huko Ireland, baada ya baadhi yake kutumika kuwashia moto.

Mwaka 1885 Murray alihamia Oxford na kujenga banda la pili. Jirani yake, profesa wa sheria, alilalamika kwamba litamzibia mandhari, basi likachimbiwa chini kama futi tatu. Tangu hapo wahariri walifanya kazi kwenye unyevu na baridi, na siku mbaya zaidi Murray alikaa miguu ikiwa ndani ya sanduku ili upepo usimpate. Alikuwa na watoto 11, na kila mmoja alipojua kusoma aliwekwa kupanga vikaratasi kwa herufi na kulipwa senti za peremende.

Lakini kero iliyoendelea kumkera haikuwa baridi. Ilikuwa tabia ya wasomaji wa kujitolea waliotakiwa kumtumia mifano kutoka vitabuni. Mtu asomapo huku anatafuta maneno, jicho lake hunasa lile la ajabu na kulipita la kawaida. Murray alilalamika kwamba kwa abusion, neno ambalo karibu hakuna anayelitumia, alikuwa na mifano kama 50, ilhali kwa abuse, neno la kila siku, haikufika mitano. Ilimbidi yeye na wasaidizi wake warudi vitabuni kutafuta maneno ambayo kila msomaji alikuwa ameyaona mara elfu na hakuna aliyeyaona.

Kitenzi set kilimwangukia Henry Bradley, na huenda hakuna mtu mwingine aliyekistahili kama yeye. Bradley hakukanyaga chuo kikuu. Kwa miaka ipatayo 20 alikuwa karani katika kampuni ya visu mjini Sheffield, akijifundisha lugha za kale jioni baada ya kazi. Alipohamia London alipata kibarua cha kuhakiki vitabu, na mwaka 1884 akapewa sehemu ya kwanza ya kamusi ya Murray. Alichokiandika kilionyesha kwamba anaijua kazi ile ndani nje, makosa na mazuri yake, na badala ya kukasirika Murray akamwita wafanye kazi pamoja. Set ilipokwisha ilikula zaidi ya kurasa 18 kubwa za safu tatu tatu, ikiwa na vifungu vikuu 154. Kifungu cha mwisho, set up, kiligawanyika sana hivi kwamba herufi za kuhesabia ziliisha zote, zikaanza upya maradufu, aa, bb, mpaka zikafika rr.

Bradley pia ndiye aliyependekeza jina la ile miungano iliyomshtua Johnson. Rafiki yake Logan Pearsall Smith alilichapisha katika kitabu cha mwaka 1925, miaka miwili baada ya Bradley kufa, na hadi leo wanafunzi duniani kote wanafundishwa somo la phrasal verbs bila kujua kwamba jina hilo alilitoa karani wa kampuni ya visu.

Sasa, kwa nini set? Jibu lake msomaji wa Kiswahili analipata upesi kuliko Mwingereza.

Katika lugha ya kale iliyokizaa Kiingereza pamoja na Kijerumani, kulikuwa na kiambishi chenye sauti ya y kilichobandikwa mwishoni mwa kitenzi ili kuleta maana ya kusababisha. Kitenzi cha kuketi kikikipata, kinakuwa cha kuketisha. Sauti hiyo ya y iliivuta irabu ya shina mpaka ikageuka, kisha yenyewe ikamezwa. Zikabaki sit na set. Set, hilo neno lililomaliza alfabeti ya Bradley, asili yake ni “ketisha” tu. Jozi nyingine zimesalia hapa na pale: lie na lay, ambazo ni lala na laza, na ambazo Waingereza wenyewe huzichanganya, fall na fell, yaani anguka na angusha, ingawa siku hizi kinachoangushwa kwa fell ni mti.

Lugha za Kibantu zinaujua mchezo huu vizuri. Kiswahili kina -isha na -esha, lakini chini yake kuna kiambishi kikongwe zaidi, nacho pia cha sauti ya y: pona ikawa ponya, lewa ikawa levya, ogopa ikawa ogofya. Katika laza, y imemezwa kabisa na kuacha z pale palipokuwa na l. Na ona ikawa onya. Anayemwonya mtoto asicheze na moto anamfanya aone hatari, lakini ni wangapi bado wanaisikia ona ndani ya onya? Kamba ikikatika hivyo, neno hupata uhuru wa kutembea. Waingereza walipoacha kuisikia sit ndani ya set, ikatembea kweli. Kwao jua linapokuchwa ni set, saruji inaposhika ni set, na ndivyo ilivyo meza ikiandaliwa, mtihani ukitungwa, mfupa ukiungwa, mtego ukitegwa, saa ikirekebishwa. Kiswahili kina kitenzi chake kwa kila shughuli ya hizo na hakioni sababu ya kuzipa jina moja.

Kisa cha run ni cha kamba iliyofungana na nyingine. Kiingereza cha Kale kilikuwa na vitenzi viwili, kimoja cha kukimbia na kutiririka, kingine cha kukimbiza, hasa farasi. Waskandinavia walioanza kuhamia Uingereza katika karne ya 9 walikuja na jozi yao iliyofanana na hiyo. Matamshi yalisogeleana, tofauti ikafutika, na vyote vikaishia kuwa kitenzi kimoja kinachobeba kwenda na kuendesha kwa pamoja. Ndiyo maana mto una-run na mwenye duka naye ana-run duka lake.

Kwa karne nyingi hilo halikuwa na uzito mkubwa. Wakimbiao walikuwa watu, wanyama, maji, machozi na merikebu zenye upepo nyuma. Kisha magari ya farasi yakaanza safari za kila siku kati ya miji, nayo yakasemwa yana-run. Treni zikafuata, na viwanda, ambamo mashine haikuwa na miguu wala haikutoka mahali pake lakini ilihesabiwa kuwa inakimbia ilimradi inazunguka. Umeme ukakimbia kwenye nyaya, programu zikakimbia kwenye kompyuta. Soksi ikifumuka uzi ni run. Kanga ingechuja rangi kwenye beseni, nayo ingekuwa run. Siasa ikaingia pia, na hapa Waingereza na watoto wao wa Marekani wakaachana: anayetaka ubunge London husimama, anayetaka kiti Washington hukimbia. Waswahili hawakuchagua kimoja kati ya hivyo viwili. Kwao anayetaka kiti hukigombea, na ukweli ni kwamba neno hilo linaielezea kampeni vizuri kuliko kusimama au kukimbia.

Toleo la kwanza la kamusi ya Oxford lilikamilika mwaka 1928, likiwa na maneno zaidi ya 400,000. Murray alikuwa amekufa mwaka 1915 akiwa bado kwenye herufi T. Katika toleo la pili, la mwaka 1989, lenye majuzuu 20, maelezo ya kitenzi set peke yake yalifika maneno kama 60,000, urefu wa riwaya nzima, na Guinness ikakitaja katika kitabu chake cha rekodi. Wahariri wa toleo la tatu walianza kazi katikati ya alfabeti, kwenye herufi M, na mwaka 2000 make ikaipita set. Baadaye put ikaipita make. Kisha Gilliver akaketi na run. Mwandishi Simon Winchester alisema kuwa ushindi wa run dhidi ya set ni picha ya zama zenye haraka. Ni maneno ya kuvutia, ila yana chumvi kidogo: zile mbio nyingi zilianza na mvuke wa karne ya 19, wakati set ingali mfalme.

Watunga kamusi wa pwani ya Afrika Mashariki walikutana na tatizo hilohilo upande wa pili wa darubini. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akafiwa na mke na mtoto katika miezi ya mwanzo, akabaki anajifunza Kiswahili na kuyaandika maneno yake. Kamusi yake ilichapishwa London mwaka 1882, wakati yeye ameshazikwa. A. C. Madan wa Unguja alitoa ya Kiingereza kwa Kiswahili mwaka 1894 na ya Kiswahili kwa Kiingereza mwaka 1903. Kazi ya Madan ndiyo iliyofanywa msingi na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, chini ya Frederick Johnson, katika kamusi sanifu iliyotoka mwaka 1939. Huyu Johnson hana undugu na yule wa London isipokuwa wa jina tu, lakini naye alikuwa na take yake.

Iliitwa piga.

Kila aliyeshika kalamu kuandika kamusi ya Kiswahili alifika hapo akakwama kwa muda. Fimbo hupigwa, ngoma hupigwa, hayo hayana shida. Lakini mtu hupiga magoti, mbizi, miayo, chafya, soga, ramli na hodi, na mgeni hubaki kujiuliza kinachogongwa ni nini. Kwa Madan na kwa Johnson piga ina orodha ndefu ya mifano, kwa sababu fasili peke yake haikutosha kulishika. Na kama mashine za Uingereza zilivyojipandia kwenye run, ndivyo vyombo vipya vilivyojipandia kwenye piga vilipoteremka bandarini: watu wakaanza kupiga chapa, kupiga picha, kupiga taipu, kupiga simu. Hakuna kamati iliyokaa kuamua. Kutumia chombo kwa mkono na kikatoa matokeo papo hapo kulishakuwa piga tangu zamani, na mashine mpya ilipokuja ikakuta kiti kimeshawekwa. Simu za siku hizi hazipigwi hata kidogo, zinapapaswa kwa kidole, na kitenzi hakijali.

Tukirudi kwenye zile jozi za kale za Kiingereza kama sit na set, si zote zilizokufa. Drink, kunywa, ilikuwa na mwenzake wa kusababisha, drench, yaani nywesha. Mjini London drench sasa ni kulowesha chapachapa, kama ifanyavyo mvua. Lakini wafugaji hawakuiacha maana ya kwanza, na neno hilo bado limeandikwa kwenye chupa za dawa ya minyoo ya mifugo, zikiwemo zinazouzwa katika maduka ya pembejeo ya Afrika Mashariki. Mfugaji hushika taya la ng'ombe, hulinyanyua kidogo, huingiza mdomo wa chupa pembeni na kumimina taratibu ili mnyama asipaliwe. Akiulizwa anafanya nini, husema ananywesha.